Zifute Kumbukumbu Zote

Nansio, 9 Juni 2024

Mwanangu Masalu,

Hujambo? Habari za Buswelu? Queen na watoto wazima? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananionea. Simu siisikii vizuri, ndiyo maana nakuandikia. Kompyuta ya marehemu baba yako imegoma. Nikiiwasha inakubali kidogo, mara skrini yote bluu, inajizima. Picha hiyo nimekutumia. Nifanyeje? Sauti yake iko humo tu, na Jumapili nikitoka kanisani huwa namsikiliza.

Mama yako

Buswelu, 10 Juni

Shikamoo mama,

Sisi wazima. Pole na magoti. Niko kazini, naandika kwa kifupi. Nimesoma hayo maandishi ya bluu, yanasema tatizo ni kumbukumbu. Kompyuta za zamani ndivyo zilivyo. Fungua, zifute kumbukumbu zote vizuri, kisha washa tena. Itapona.

Mwanao Masalu

Nansio, 12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefanya ulivyosema. Nilifungua pale baba yako alipoandika Kumbukumbu, zilimokuwa nyimbo zake na maneno yake yote, nikafuta. Ikaniuliza kama nina hakika. Nililia kwanza, halafu nikakubali, maana wewe ndiye unayezijua hizi mashine. Hata kwenye pipa la taka nimetoa. Lakini bluu imerudi vilevile. Masalu, ilikuwa lazima?

Mama yako

Buswelu, 12 Juni

Shikamoo mama,

Hapana, mama, sikusema hivyo. Kumbukumbu niliyoisema ni vijibao viwili vyembamba ndani ya boksi lenyewe. Nilitaka ulifungue boksi uvifute vumbi kwa kitambaa. Vumbi tu, mama. Nimekuandikia kama namwandikia fundi mwenzangu. Chomoa waya, usiiwashe tena kabisa. Kilichofutwa huwa bado kimo mpaka kingine kikalie mahali pake. Kesho napanda meli nije kuichukua.

Mwanao

Buswelu, 20 Juni

Shikamoo mama,

Umelala? Umekula? Fundi Chenge wa Buzuruga ameihangaikia mashine wiki nzima. Sikufichi, nyimbo zimekwenda zote, na maneno aliyowaachia wajukuu pia. Imepatikana sauti moja, fupi. Baba anajaribu maikrofoni mpya. Anasema, “Moja, mbili. Getruda, inasikika?” Nyuma yake sufuria zinagongana, ni wewe jikoni. Inakatikia hapo, hujajibu. Nimeshindwa kuisikiliza mara ya pili. Nimekutumia. Weka simu sikioni, uongeze sauti mpaka mwisho. Nisamehe, mama.

Mwanao Masalu

Nansio, 21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeiweka simu sikioni kama ulivyosema. Usijilaumu, neno lilikuwa moja na sote tulilijua. Siku ile nadhani sikumjibu, nilikuwa napika dagaa na moto ulikuwa unanisumbua. Leo nimemjibu.

Inasikika, baba Masalu.

Mama yako