Huyo Salimu wa Televisheni Si Mimi

Jumapili, 9 Novemba. Mvua imeipiga Obunga, hapa Kisumu, tangu adhuhuri na matope yamefika mlangoni. Huu ni mwezi wa tisa tangu niondoke nyumbani Msambweni.

Nina hasira. Naandika nikiwa nayo, maana nikingoja ipoe nitaandika uongo.

Hasira yenyewe ni ya televisheni. Mtacheka. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa imempata mwingine.

Niseme kwanza natazamia wapi. Chumba changu hakina televisheni, kina kitanda na ndoo. Mwenye nyumba wetu ni mama mzee anayekaanga mgongo wazi hapo langoni, ile mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kwenda kwa wenye pesa. Tunamwita Dani. Dani kwa Kijaluo ni nyanya, na ploti nzima, wakubwa kwa wadogo, wanamwita hivyo. Jina lake la ubatizo sijui kama kuna anayelikumbuka. Sebuleni ana televisheni kubwa aliyonunuliwa na mwanawe, imevishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Jumapili jioni kitambaa kinafunuliwa, wapangaji tunavua viatu mlangoni, tunaingia.

Tunatazama kila kitu, na karibu kila kitu kinaniudhi.

Kuna kipindi cha kuwajengea maskini nyumba. Mabati mapya, rangi, kitanda, sawa, ni jambo la heri. Lakini lazima mama wa watu alie kwanza. Kamera inamsogelea mpaka unayaona meno ya nyuma. Asipolia, mtangazaji anamuuliza habari za marehemu mumewe, na asipolia bado, anamuuliza tena. Machozi yakitoka ndipo ufunguo unapotoka. Mimi ni mtu wa mkono kwenye mjengo wa ghorofa pale Migosi, nabeba zege, na sijaona mwenye ghorofa akilizwa kabla ya kukabidhiwa nyumba yake.

Kuna na lile shindano la mapishi. Jaji anaonja ncha ya kijiko, anakunja uso, sahani nzima inasukumwa kando. Majuzi ilikuwa ni wali wa nazi. Nilitoka nje.

Lakini hayo ni madogo.

Kubwa ni ule mchezo wa Jumapili, unaoanza baada ya habari za jioni. Humo kuna mwanamume anaitwa Salimu, ametoka Pwani kuja kutafuta kazi katika mji wa ziwani. Tayari mnaona kwa nini niliupenda mwanzoni. Nilisema, haya, leo na sisi tumeonyeshwa.

Tumeonyeshwa kweli. Salimu ni mvivu. Salimu anaogopa majini hata mchana. Salimu anasema "yakhe" kabla ya kila neno na baada yake. Tangu nizaliwe sijamsikia mtu wa kwetu akimaliza yakhe zote za mwaka kwenye kikombe kimoja cha chai. Anabeba karai la zege huku shati limepigwa pasi na shingo imenyooka kama ya twiga. Halina kitu lile karai! Mtoto mdogo angeona.

Tangu mchezo uanze, mjengoni hawaniiti tena Mombasa. Hilo ndilo jina nililopewa nilipofika, ingawa kwangu mimi Mombasa ni mahali pa kuvukia feri tu. Sasa naitwa Salimu. Aliyeanza ni Owuor, fundi wa mawe tunayefanya naye kazi, ambaye pia ni jirani yangu hapa kwenye ploti. Nikikaa dakika moja kunywa maji, anapaza sauti kutoka juu ya jukwaa: "Yakhe Salimu! Zege italetwa na majini?"

Wanacheka. Nabeba. Ningevumilia.

Ila mchezo huo, pamoja na ubaya wake, ulikuwa na kitu changu ndani. Mke wangu Mwanasiti anautazama pia, kule Msambweni, kwa dada yake. Kwa hiyo yakija matangazo, mmoja wetu humpigia mwenzake. Watu wote huchukia matangazo. Sisi matangazo yalikuwa yetu. Sabuni, mafuta ya kupikia, mbolea, wakati huo wote tunazungumza: mtoto wetu Zuhura amepona kikohozi, paa linavuja upande wa jikoni, na huyu Salimu je, umemwona? Mwanasiti humtukana Salimu vizuri kuliko mimi.

Jumapili iliyopita ndipo walipoharibu.

Watunzi wamechoka kumfanya Salimu mjinga, sasa wamemfanya mwovu. Kapata mjane tajiri, mwenye malori ya samaki na nyumba za kupangisha. Mjane kamkalisha sebuleni mbele ya wageni, kamwekea sahani, kamwita "mume wangu". Wakatuonyesha na mkewe kule Pwani, kakaa kitandani, simu mkononi, Salimu akimwambia huyo ni mwenye nyumba tu, anampa chakula. Yakaingia matangazo.

Simu yangu ikalia. Nikatoka barazani. Mwanasiti aliitikia kwa mkato, nikadhani ni mtandao. Hata salamu hatujamaliza, nikasikia Dani kutoka ndani, kwa ile sauti yake ya kuita wateja:

"Mume yangu! Rudi ndani! Mchezo imeanza, na samaki yako inapoa!"

Nieleze hapa, maana hapa ndipo kila kitu kilipopindia. Kwa Wajaluo, nyanya humwita mjukuu wake wa kiume mume wake. Chwora, wanasema. Ni utani wa kale, na mtoto huitwa hivyo tangu hajaota meno. Dani alinichukua kuwa mjukuu wiki ile ile niliyohamia, akaanza kuniita chwora, na siku akitaka kunirahisishia anatafsiri. Miezi yote hiyo nimeitwa mume na mama wa miaka ya nyanya yangu, mpaka sikio langu likaacha kulisikia neno.

La Mwanasiti halikuacha.

"Nani huyo akwitaye mume?"

"Ni Dani," nikasema.

"Dani nani?"

"Dani. Dani wa hapa."

"Kumbe ana na jina."

"Si jina! Ni mwenye nyumba."

Nilipolitamka tu nikajua. Mwenye nyumba! Nikaongeza, kwa ujinga, "Ananipa samaki tu, Jumapili." Kila neno la kweli nililolitoa lilikuwa limekwisha kusemwa na Salimu dakika tano kabla, tena kwa uongo.

Mwanasiti akakata.

Wiki nzima nimepiga. Inaita, haishikwi. Jumanne niliandika ujumbe: Dani maana yake ni nyanya. Jioni likaja jibu, la pekee: "Nyanya ana televisheni kubwa na nyumba za kupangisha."

Basi.

Mnajua kubeba zege siku nzima ukiwa umeachwa kwa ajili ya dhambi ya mtu asiyekuwepo? Salimu hayupo! Kuna kijana fulani Nairobi analipwa kuvaa kofia na kusema yakhe, jioni anakwenda kwake kulala. Mimi ndiye niliyebaki na kesi yake. Na kilichoniuma zaidi ya vyote ni hiki: Mwanasiti ananijua tangu tukiwa madrasa. Nimemzika mama yake pamoja naye. Na bado aliponipima na mtu wa kwenye kioo, mtu wa kioo akashinda.

Leo sikwenda sebuleni. Nilisikia habari zinaanza, nikakaa kitandani. Dani aliita, sikuitika. Mwisho nikasikia kandambili kwenye matope, na huyo mlangoni kwangu, amejifunika gunia kichwani, sahani mkononi.

"Mume yangu, leo umekataa samaki yangu?"

"Dani, usiniite hivyo tena!"

Nilipiga kelele. Sikuwa nimepata kumpigia kelele mtu mzima maishani. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye gunia na hakusogea. Ikabidi nimweleze yote, huku Owuor amesimama kwenye mlango wake hapo kando, anajiuma mkono asicheke.

Dani alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa:

"Kwani bibi yako hana dani?"

 Anaye. Yaani alikuwa naye, na hata kwetu nyanya humtania mjukuu hivyo hivyo. Mwanasiti mwenyewe aliitwa mke mwenza na nyanya yangu siku ya kwanza alipoingia nyumbani, akafurahi. Lakini nyanya wa kwetu hakuwa na televisheni kubwa, na hakukuwa na Salimu.

"Mpigie," Dani akasema.

"Hashiki."

"Basi toka huko kwa kitanda. Twende tuone hiyo mjinga yako imefanya nini."

Nikaenda, kwa sababu ya mvua iliyokuwa ikimnyeshea. Salimu leo alikuwa amefumaniwa na mwanawe wa kwanza, aliyesafiri kumtafuta. Salimu analia, yakhe, yakhe. Sikumhurumia. Yakaja matangazo na nikatazama sabuni kwa mara ya kwanza tangu nifike Kisumu. Sikujua kuwa tangazo lile lina wimbo mrefu hivyo.

Simu ikalia.

Mwanasiti. 

"Stima imekatika huku," akasema. "Amerudi?"

"Nani?"

"Salimu. Amerudi kwa mkewe ama bado?"

"Wiki nzima hukunishikia simu! Leo wampigia Salimu?"

 Kabla sijaendelea, Dani alinyoosha mkono wenye mafuta ya kukaangia akaninyang'anya simu. Nikamwambia, taratibu Dani, tafadhali, sema polepole. Akaiweka mdomoni kama kipaza sauti cha kanisani:

"Mke mwenza yangu! Habari ya huko?"

Owuor aliinamisha kichwa katikati ya magoti. Mimi nilifumba macho. Nilisema moyoni, imekwisha, kesho nitaletewa madai ya talaka kwa basi.

 Dani akakohoa, kile kikohozi chake cha moshi wa miaka mingi, akaita tena: "Mke mwenza! Unanisikia?"

Kisha nikaisikia sauti ya Mwanasiti, ndogo, kutoka kwenye ile simu:

"Shikamoo, Dani."

"Mzuri sana!" Dani akajibu.

Mwanasiti akacheka. Wa Obunga hawajui marahaba, na kule kwetu mtu akijibu shikamoo kwa "mzuri sana" hata mgonjwa atacheka. Alicheka mpaka dada yake akasikika akiuliza kuna nini. Dani naye akacheka bila kujua anacheka nini, halafu mchezo ukarudi, na hakunirudishia simu. Alimsimulia Mwanasiti kipindi chote: sasa ameingia, sasa mjane amekasirika, sasa mtoto ameanguka kwa miguu ya baba yake, wuololo, mke mwenza, hii mwanaume ni bure kabisa!

Nilipata simu yangu kipindi kilipokwisha. Nikatoka nayo barazani. Mngedhani hasira ilikuwa imetoka. Haikutoka.

"Sasa umeniamini?" nikamuuliza.

"Nimemwamini Dani."

"Na mimi?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati, nikaibana simu sikioni.  Akasema, bila ukali:

"Salimu naye hupiga simu kila Jumapili, Baba Zuhura. Na mkewe humwamini."

Tuliagana vizuri. Lakini nimerudi chumbani na neno hilo, nimekaa nalo, na bado nimewakasirikia wale watunzi. Wamekosea kofia, wamekosea karai, wamekosea lugha yetu na miiko yetu. Kitu kimoja walikipatia, na ndicho kinachoniudhi kuliko vyote: yule mwanamke aliyekaa kitandani na simu mkononi. Huyo hawakumbuni. Huyo yupo.

Kipindi kilimalizikia stendi. Salimu kashika tiketi, kaangalia basi, mlango uko wazi, picha ikaganda. Ati tungoje tuone kama atapanda. Apande asipande, shauri yake.

Mimi slabu ya ghorofa ya tatu inamwagwa mwisho wa mwezi huu, na nimekwisha kumwambia msimamizi asinihesabu kwa ya nne. Owuor kasema watamtafuta Salimu mwingine. Dani amekwisha kuweka kando omena, dagaa wa ziwani, za mke mwenziwe, na anasubiri jua aanike.

Nitakuwa Msambweni Jumapili ya pili ya Desemba, kabla ya magharibi. Nitaoga, tutakwenda kwa dada yake, nitakaa kwenye mkeka kando ya Mwanasiti.

Matangazo yakija, sitakuwa na mtu wa kumpigia.