Maneno ya Mwisho ya Spika

Papa,

Kesho tunatoa matanga. Viti vimeshapangwa kwenye ukumbi wa kanisa. Unajua desturi yetu: aliyekuwa na marehemu mwishoni ndiye husimama na kutoa maneno yake ya mwisho, na akishayasema hakuna wa kuyapinga. Hospitalini ulikuwa na mimi peke yangu. Kwa hiyo ni mimi, Papa. Mimi ambaye hata darasani nilinyamaza huku jibu ninalijua.

Papa Kasongo amekuja kutoka nyumbani. Ndiyo, naibu wako, yuleyule. Amelia sana sebuleni, akasimulia mlivyoanza chama pamoja, na ulivyokuwa spika wa bunge la mkoa ambaye hata wapinzani walimheshimu. Hakusimulia siku ulipokataa kufunga kikao kabla wapinzani hawajasema, wala nani alikalia kiti chako jioni ile, sisi tukiwa njiani kukimbilia huku ugenini. Sasa uchaguzi unakaribia na anakitaka tena. Wafuasi wako bado wapo, ila hawamwamini.

"Binti yangu, ni maneno mawili tu," aliniambia. "Sema: 'Kasongo aendelee.' Basi."

Ameahidi kumrudisha Mama kwenye nyumba yetu kule. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Tangu uondoke, Mama hufunga mlango kwa ufunguo mchana kweupe. Akisikia wanavunja maduka ya wageni kama sisi kwenye mtaa wa Alexandra, hata kama ni mbali nasi, haendi kazini saluni kusuka wateja. Jana aliniambia, "Sema tu, Neema. Papa yako hatasikia. Mimi nimechoka kuogopa." Nilienda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nakukumbuka ukirudi kutoka kazini Braamfontein na sare yako ya ulinzi, unakaa mezani na kufungua kikao. "Mheshimiwa Neema ana hoja?" Nasema sina. "Mheshimiwa ameificha chini ya ugali!" Mama anacheka mpaka anakohoa. Siku hizi tunakula kimya.

Nimejaribu kuusema uongo huo mbele ya kioo. Sauti haitoki. Usidhani ni ushujaa, Papa. Naogopa tu kwamba nikiuweka mdomoni mwako, nitasahau ulichosema kweli.

Hukutaja kiti. Hukumtaja Kasongo. Uliniuliza kama nje kuna baridi, na kama nimekuja na sweta. Nikasema ndiyo, ukafumba macho.

Kesho nitasimama niseme hivyo hivyo, hata kama watasikia wa mstari wa mbele tu. Halafu nitarudi kukaa karibu na Mama, kama atanipa nafasi. Sijui atanitazamaje.

Pumzika, Papa. Nakuahidi sitamwacha, hata asiponisemesha.

Mwanao,
Neema