Miezi Minne ya Kuuliza

Jumatano, 18 Juni
Fomu nne leo. Mbili Rhotia, mbili Kansay. Ukungu mpaka saa nne asubuhi. Vidole vimekufa ganzi.

Wiki ya tatu sasa, kazi nimeishika. Nafika kwa mama aliyefiwa na mtoto mchanga, najitambulisha kwa jina la chuo kinachofanya utafiti, nasoma karatasi ya ridhaa, nawasha kishikwambi, nauliza. Alizaliwa wapi. Alinyonya? Swali la ishirini na tatu: je, mtoto alilia alipozaliwa? Leo nimebonyeza "hapana" mara tatu.

Kwenye usaili waliniuliza kama najua Kiiraqw na Kimaasai, kama nina vyeti, kama naweza kulala kwenye hema. Hawakuuliza kama nami nimefiwa. Sikusema. Nilitaka kazi.

Ijumaa, 20 Juni
Mama kapiga simu kutoka Endabash. Bibi amekasirika. Zamani kwetu mwanamke aliyepoteza mtoto hakuingia nyumba za watu mpaka muda upite. Mimi nazunguka nyumba kwa nyumba, tena za waliofiwa. Nimemwambia mama hayo ni ya zamani. Akasema yeye anajua, bibi ndiye hajui.

Ningefanya nini? Lodji nilikokuwa mapokezi walichukua mtu mwingine nilipolazwa. Mkataba wa chuo ni miezi minne. Ni kitu.

Jumanne, 1 Julai
Kakesio. Sikuwa nimefika huku tangu baba ahamishwe. Alifundisha hapa miaka tisa, nami Kimaasai nilikijua kabla ya Kiswahili. Wazee wawili wamenitambua. "Binti wa Mwalimu." Nimewaambia Mwalimu ametutoka. Wameinamisha vichwa, hawakulitaja jina lake; huku jina la marehemu halitamkwi.

Mstari wa kwanza wa fomu: jina la marehemu. Huku mtoto wa siku mbili hana jina bado. Na angekuwa nalo, nani angelitamka? Kishikwambi hakikubali nafasi tupu, hakisogei mbele. Nikaandika "Hana". Kikakubali.

Aliyeitunga fomu hii hajawahi kukaa kwenye boma lililofiwa.

Jumatano, 2 Julai
Naserian. Miaka kumi na tisa, mtoto wa kwanza. Maelekezo yanasema nizungumze na mama peke yake. Mama mkwe alikaa mlangoni muda wote, na hakuna wa kumwondoa mlangoni kwake.

Mtoto aliishi usiku mmoja. Naserian alijibu maswali yote bila kuniangalia. Mwishoni mama mkwe akasema, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba msichana huyu alikula sana mimba ilipokuwa kubwa. Alikatazwa, akala.  Nikaelewa kuwa Naserian husikia hayo kila siku.

Nikasoma sehemu ya mwisho ya karatasi: matokeo yatarudishwa kwa jamii. Kwa Kimaasai nilisema, tutarudi kuwaambia.

Naserian akainua uso kwa mara ya kwanza. "Nani atarudi? Wewe?"

Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 5 Julai
Karatu. Nimefua. Sitaki kuandika.

Jumapili, 20 Julai
Baada ya misa nimefungua fomu mpya kwenye kishikwambi, nikaanza kuijaza ya kwangu. Mtoto wa kiume. Mimba ya miezi minane. Miaka miwili sasa. Baba yake yuko Arusha, hatupigiani simu tena. Nimefika swali la ishirini na tatu nikaifuta kabla haijatumwa.

Ujinga. Lakini nilitaka mtu aniulize.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimemuuliza Dada Neema, mratibu wetu, tunarudi lini Kakesio na matokeo.

"Kurudi? Vero, hatuna safari hiyo kwenye mpango."

"Karatasi inasema yatarudishwa kwa jamii."

"Yatapelekwa wilayani. Ripoti."

"Kwa lugha gani?"

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akaniambia nisiwabebe hawa watu mgongoni, nitachoka kabla ya mkataba kuisha. Yeye mwenyewe yuko kwa mkataba, mwaka wa sita huu, kila mwaka anasaini upya. Nilikuwa sijui. Nilidhani yeye ndiye chuo.

Nimeuliza nani basi ndiye chuo. Profesa, akasema. Profesa alikuja Juni, akatusalimia, akapanda gari kuteremka kreta kutazama wanyama, akaondoka.

Jumatatu, 8 Septemba
Wameniweka ofisini nihakiki majina ya vijiji kwenye kompyuta. Kila fomu inasomwa na madaktari wawili, nao wanaandika sababu ya kifo. Safu ya mwisho. Mimi sihusiki nayo. Nilisaini kwamba sitatafuta habari za mtu yeyote.

Nimetafuta.

Fomu ya Kakesio ya tarehe 2 Julai, jina la marehemu Hana. Daktari wa kwanza: haikujulikana. Daktari wa pili: haikujulikana.

Nimekaa nikitazama. Nilitarajia ugonjwa, kitu chenye jina. Maswali yote yale, na mimi kumrudisha msichana kwenye usiku ule. Haikujulikana.

Hasira. Sijui ya nani.

Ijumaa, 26 Septemba
Dada Neema ameniomba ukurasa mmoja wa maelekezo kwa vibarua watakaokuja awamu ijayo. Mambo wanayopaswa kujua kabla ya kuanza. Nimeandika: mbebe koti zito. Mchaji kishikwambi kila mnapopata umeme. Someni mkataba wote, hasa siku unapoisha na nani anawatibu mkiumia porini. Wanawake wa Kimaasai wasalimieni "Takwenya", msubiri waitikie "Iko" kabla ya neno lingine lolote. Ameusoma, amesema mzuri sana.

Haya sikuyaweka. Chuo kitaondoka, wewe utabaki. Utakutana nao sokoni, zahanati, kanisani. Jina la chuo hawalikumbuki, wanakumbuka uso wako. Kila ahadi iliyoandikwa kwenye ile karatasi utaitoa kwa mdomo wako, na ukishaitoa ni yako. Uliza kabla, nani atarudi kuitimiza. Na kama nawe umezika, sema. Kazi utapata au utakosa, lakini usiende kuuliza swali ambalo wewe mwenyewe huwezi kulijibu.

Ningeyaweka, asingeyapeleka. Pengine angeyapeleka. Sikumpa nafasi.

Jumanne, 30 Septemba
Mwisho. Nimerudisha kishikwambi, kitambulisho, koti la mradi. Nimesaini mara tatu. Bariki, dereva wetu, amenipeleka mpaka mlangoni kwangu na kunipa mkono kama msibani.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimekwenda.

Lori la wafanyabiashara wa mnada. Kwenye geti la hifadhi sikuwa na barua ya chuo, nikapanga foleni kama wengine. Vumbi kutoka Endulen mpaka Kakesio. Njiani nilijiambia mara kadhaa niteremke, nirudi. Nikimwambia Naserian navunja nilichosaini. Wakijua sitaitwa tena.

Naserian alikuwa anachota maji. Alinijua kutoka mbali, akaweka dumu chini.

Hakunikaribisha kwanza. Aliuliza, "Wamesema nini?"

Nikamwambia ukweli. Chuo hakitarudi. Nimekuja peke yangu, si mtumishi wao tena. Madaktari wawili wamesoma maneno yako yote. Hawakujua kilichomchukua.

 Nikaona nimesafiri tangu alfajiri kumletea mtu mikono mitupu.

Kisha akasema, "Wameandika ni mimi?"

"Hapana."

"Chakula?"

"Hapana. Hakuna mahali popote walipoandika chakula. Hakuna mahali walipoandika wewe."

Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, akanivuta mpaka nyumbani. Mama mkwe alikuwa anatunga shanga. Naserian akasimama nyuma yangu. "Mwambie."

Nikapiga magoti, nikamwita Yeyo, mama, nikasema tena. Madaktari wawili. Wameandika hawajui. Hawakuandika ni yeye.

Mama mkwe alimaliza uzi aliokuwa nao.  Halafu akasema yeye alipoteza wanne, na hakuna aliyekuja kumwambia chochote. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Alilia bila sauti. Naserian akaenda kukaa karibu naye. Mimi nikabaki pale chini, sikujua niangalie wapi. Wanne. Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya wale wanne.

Nimepewa chai ya maziwa. Hakuna aliyeomba msamaha. Sijui kama kesho maneno yale ya chakula yataisha. Nimerudi na lori lile lile.

Jumapili, 12 Oktoba
Endabash. Bibi amelala ndani, hajambo. Nimekaa uani na mama tunapeta mbaazi.

Nikamsimulia siku ile ya hospitali. Yote. Hakuwahi kuuliza, nami sikuwahi kusema. Nilimwambia kwamba nilipozinduka walikuwa wameshamchukua, sikumwona, na niliona aibu kuomba.

Mama hakuacha kupeta. Akasema yeye alimwona. Walimwita amshike kabla hawajamfunika. Alimshika mpaka muuguzi akarudi mara mbili. "Alikuwa na paji la baba yako," akasema. "Na nywele nyingi."

Nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Nilisubiri uulize."

 Tumemaliza debe la kwanza, tukaanza la pili.