Namna Nilivyotazama Ndani ya Yai kwa Tochi

Mjukuu wangu Koku,

Mimi babu yako nina miaka themanini na moja, na nimewazika wote walionikataza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hapa Muleba tu wazima, bibi yako anakusalimu, na migomba imebeba vizuri.

Unauliza nani alinifundisha kufungua tochi. Hakuna! Kuku wa bibi yako alikuwa ameatamia, jirani yetu Ta Byabato akasema, "Mama, hayo mayai ni viza, tupa." Bibi yako akaanza kuyakusanya. Nikasema ngoja, nitayatazama ndani.

Mwanga wa tochi ulitawanyika mno, sikuona kitu. Nikaifungua, nikang'oa kile kitaa chake kidogo, nikakichomeka kwenye shingo ya kibuyu changu cha rubisi, niliyoikata palepale. Nikaunga waya zake na betri. Giza!

"Mzee, umeua tochi, umeua na kibuyu," Ta Byabato akacheka.

Balbu za zamani uliunga vyovyote zikawaka. Mimi sishindwi na kitu cha dukani. Nikazigeuza waya, kikawaka. Kumbe hivi vya siku hizi umeme una upande wake wa kuingilia.

Tukafunga madirisha, bibi yako akaliweka yai juu ya ile shingo. Tukaona mishipa myekundu, na katikati kidoa kinadunda. Mpaka leo najiuliza waya za kile kidoa aliziunga nani.

Ukidhani najisifu, muulize bibi yako aliyelishika yai, na Ta Byabato, aliyekuja baadaye kuniomba jogoo aliyetoka kwenye yai lile.

Babu yako