Baba Anauza Dawa ya Injini kwa Jina Langu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamvunjia baba yangu heshima mbele za watu, maana nimefika mahali nikisikia tu neno "mafuta" meno yanabana yenyewe, na nyumbani kwetu neno hilo linaanza kutajwa kwenye chai ya asubuhi.

Baba alikuwa dereva wa malori mpaka alipostaafu mwaka jana, na baada ya hapo alikaa sebuleni akisikiliza taarifa ya habari ileile mara mbili kwa siku na kumsahihisha mama namna ya kufagia, mpaka rafiki yake mmoja akamletea makopo ya dawa ya kuchanganya na oili ya injini, dawa ambayo kwa maneno ya kwenye kopo inafanya vyuma viteleze hata gari lipunguze kula mafuta kwa robo nzima, na baba akaamini, akapata meza kwenye gereji ya mtaa wa nyuma, akashonesha koti jeupe kama la daktari (nakuapia, koti jeupe, na mfuko wa kalamu), na sasa madereva wanamwita Dokta.

Mimi ni binti yake wa kwanza, nimesomea uhandisi wa mitambo na ninasimamia mashine za kukorogea rangi kiwandani, na kosa langu lilikuwa kusema mezani kwamba jambo kama hili halihitaji imani, linahitaji kupimwa. Baba aliweka kikombe chini. "Basi pima," akasema. "Si ndiyo maana nilikupeleka shule?"

Nikapima, mshauri, na nilipima vizuri. Tulimwaga oili ya zamani kwenye gari la nyumbani, tukaweka mpya pamoja na chujio jipya, tukajaza upepo sawa kwenye matairi, na kila mara tulijaza tangi mpaka juu kwenye pampu ileile, baba akaendesha njia ileile hadi kwenye matangi ya maji nje ya mji na kurudi, kisha tukajaza tena tuone yameingia mafuta kiasi gani, na kwa sababu dereva akijua kinachopimwa hata mguu wake unajua, nilichukua makopo mawili ya rangi yasiyo na maandishi, moja nikatia dawa, jingine oili ya kawaida, nikampa mama ayabadilishe nafasi nisione na kuyawekea alama anazozijua yeye tu, asimwambie mtu yeyote, hata mimi.

Mama alimwambia baba lipi ni lipi kabla sahani hazijaondolewa mezani.

Mimi sikujua. Nilikaa kando ya baba safari zote, nikashangaa kwa nini siku za kopo la kwanza anaendesha kama aliyebeba mtoto aliyelala, anatoa mguu mapema kwenye mteremko, hapiti hata baiskeli, na siku za kopo la pili, baada ya kubadilisha oili tena, anapanda kilima kwa kishindo, anafunga breki dakika ya mwisho na kulalamika, "Unaona lilivyo zito leo? Gari halina raha hili." Bila shaka kopo la dawa lilishinda kwa mbali. Tulipokuwa tunaosha vyombo mama akaropoka mwenyewe, nikamuuliza kwa upole, nadhani ilikuwa kwa upole, kwa nini amefanya hivyo, akanijibu, "Mwanangu, mimi na baba yako hatujawahi kufichana kitu tangu tuoane. Nikaanze leo kwa sababu ya kopo?"

Nikarudia jaribio lote. Safari hii alama niliweka mimi, sikumwambia mtu, na baba kwa kutojua lipi ni lipi aliendesha taratibu siku zote, akiogopa asije akaionea dawa yake, na majibu yakawa sawasawa kwa makopo yote mawili, tofauti iliyobaki ni ya matone yanayomwagika mdomoni mwa tangi, na matumizi yote yalikuwa chini ya yale ya kawaida ya gari letu, jambo ambalo niliweka kando kwa sababu si nilichokuwa napima. Nilimfuata gerejini nikiwa na furaha, nakiri. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa," akasema, "ile dawa ya mara ya kwanza si ilishaingia kwenye vyuma? Ukimwaga oili, unamwaga na kilichokwisha kuingia kwenye chuma? Wewe ulisomea nini hasa?"

Mafundi wakaangua kicheko. "Dokta kamchoma mwanawe sindano!" mmoja akapiga kelele kutoka chini ya gari.

Nikamuuliza baba, mbele yao, ni majibu gani basi yangemfanya akubali kwamba dawa haifanyi kazi. Alifikiri, mshauri, alifikiri kweli, akikuna kidevu, kisha akasema, "Hakuna. Kwa sababu inafanya kazi."

Nilirudi nyumbani nikaandika ripoti kamili, yenye michoro na sehemu ya makosa yanayoweza kutokea, nikaiweka mezani kwake gerejini, na baba hakusoma hata ukurasa mmoja ila alikata jina langu na cheo changu kwenye jalada, akavibandika kwenye ubao pamoja na picha yangu ya mahafali, juu akaandika kwa rangi nyekundu IMEPIMWA NA INJINIA, ambalo si neno la uongo, ndiyo maana linaniua, na sasa siwezi kupita mtaani, muuza duka ananiuliza kama inafaa pikipiki, kinyozi ananiuliza kama inafaa jenereta, juzi jirani yetu anayepeleka watoto wa watu shule kwa gari lake alinisimamisha getini nikiwa nimechelewa, injini yenyewe inagonga kama mtu anayetwanga, ananiuliza ni kweli ukishatia dawa ya Dokta hubadilishi oili mwaka mzima, nikamwambia amuulize baba mwenyewe, na kiwandani nako bosi ameshasikia, ananiuliza kama naweza kutia kidogo kwenye mashine za rangi, wenzangu wanacheka, na mimi ninatembea siku nzima nikigombana na baba kichwani, nikishinda kila mara.

Mama anasema nimwache mzee, angalau ameacha kumsimamia ufagio. Ninafikiria jaribio la tatu, kwa gari ambalo halijawahi kuonja dawa hiyo na dereva asiyetufahamu, lakini naogopa hata hilo atalipatia jibu. Niambie, nimletee ushahidi wa namna gani ndipo akubali?

Ni mimi, Injinia wa Kwenye Ubao.

*

Binti Injinia,

Pole. Koti jeupe limenichekesha, mama yako amenichekesha zaidi, na lile jibu la "hakuna" lingemtoa jasho mtu yeyote aliyewahi kubishana na mzazi. Nimekuonea huruma mpaka nilipofika karibu na mwisho wa barua yako, hapo huruma ikapungua ghafla.

Jaribio la tatu usifanye. Ulimuuliza baba yako swali zuri kuliko hili uliloniuliza mimi, naye akakujibu bila kuficha kwamba hakuna kitakachombadilisha mawazo. Mwamini. Utampelekea gari jipya atakwambia barabara ilikuwa mbaya, utampelekea dereva mgeni atakwambia mgeni hajui kuendesha. Wewe hutafuti tena ukweli, ukweli unao tangu jaribio la pili. Unatafuta siku ambayo baba yako atasema mbele ya mafundi wote, "Mwanangu, ulikuwa sahihi." Siku hiyo huenda isifike, na maisha yataendelea.

Sasa tuje kwenye jambo ulilolipitia mbio. Kati ya kinyozi na bosi wako umemtaja jirani anayebeba watoto wa shule. Injini yake inagonga. Amekuja kwako, akakuuliza wewe, kwa sababu picha yako iko ubaoni, kama ni sawa asibadilishe oili mwaka mzima. Nawe uliyepima mpaka matone ya mdomoni mwa tangi, uliyeandika sehemu ya makosa yanayoweza kutokea, ukamwambia amuulize baba! Binti, ulikuwa umechelewa wapi? Katika barua yote ile hilo ndilo swali la kihandisi pekee ulilopewa na mtu aliyekuwa tayari kulisikia jibu lake, ukalikwepa kwa sababu halikuhusu ugomvi wako.

Tenganisha mambo mawili uliyoyakoroga kama rangi zako. Kuuza dawa isiyopunguza mafuta ni upuuzi, na kwa hilo unaweza kuvuta subira. Kuwaambia watu wasibadilishe oili kunaua injini, inaweza kukwama ghafla katikati ya barabara, na gari lile lina watoto wa wenzako ndani. Kwa hilo huna subira ya kuvuta, wala mama yako asikwambie umwache mzee.

Kaa na baba yako nyumbani, si gerejini, mama akiwepo. Usimletee michoro. Mwambie picha na jina vitoke ubaoni, kwa sababu ni vyako na hukuvitoa. Mwambie kila aliyenunua kopo aambiwe abadilishe oili kwa wakati wake kama zamani, na kwamba wewe utafuatana naye mkawaambie pamoja, ili asionekane anaburutwa na mwanawe. Akikataa, nenda peke yako, dereva mmoja mmoja, kwa salamu na sauti ya chini. Huko si kumvunjia heshima. Heshima gani hiyo ya kunyamaza mpaka mteja wake amrudie na injini iliyokufa?

Kisha mwambie jambo ambalo hukuniambia hata mimi vizuri. Umeandika kwamba katika jaribio la pili matumizi yalishuka kwa makopo yote mawili, ukaliweka kando eti si ulichokuwa unapima. Mwanangu, lilikuwa jibu! Mafuta yalipungua kwa sababu ya mguu wa baba yako. Mzee wa malori, akiamua, anaendesha vizuri kuliko kopo lolote, na mtoto wake mwenye shahada alikuwa amekaa kando yake, ameliona, ameliandika, na hakumpa hata hongera. Mwambie. Huenda atavimba kichwa, mwache avimbe. Huenda ataendelea kuvaa koti, shauri yake. Lakini hilo ni neno la kweli ambalo angeweza kulisikia kutoka kwako bila kulazimika kushindwa kwanza.

Mama yako mwache alivyo. Ila siri usimpe tena.

Hayo yote lakini ni ya jioni. Barua yako imekaa kwenye posta na kwenye meza yangu, na sijui gari la jirani lina hali gani unaposoma hapa. Usingoje kuzungumza na baba ndipo uende kwa jirani. Kunja gazeti hili, vuka ugonge geti lake, na ukimkuta yuko uani anapakia watoto usianze kujieleza, wala usianze na Dokta, wala na nani aliandika nini kwenye ubao. Mwambie kwanza azime gari.