Mama Amefariki, Safari Hii Kweli

Laurel Branch,
Kentucky.
16 Juni, 1968.

Mpendwa mdogo wangu Verlon,

Hujambo huko Nashville? Watoto hawajambo? Na mkeo mpya, ambaye jina lake bado halijanikaa mdomoni, naye hajambo? Sisi huku bondeni hatujambo, wale tuliobaki. Magoti yangu yananisumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haitaki kukatika. Maharage yameota vizuri, viazi nusu vimeoza. Mume wangu Burl amerudi mgodini ingawa bado anakohoa. Alisema nisikuandikie kabisa, mimi nikaona si uungwana.

Nilikusikia redioni jana. Sauti imeanza kukwaruza, mdogo wangu. Punguza sigara, na kile kingine unachokijua punguza pia. Wimbo wenyewe si mbaya, ila naona sasa umemuua na mbwa. Sisi hatujawahi kufuga mbwa.

Basi, lililonikalisha mezani ni hili. Mama amefariki. Safari hii ni kweli. Alifariki Jumanne tarehe nne, saa nne asubuhi, na Alhamisi tukamzika. Najua unatafuta kwa macho mahali nilipoandika kwa nini hukuambiwa. Nitakueleza, usiruke kurasa. Kwanza nikukumbushe tulivyofika hapa, maana huko kwenu naona watu husahau upesi.

Uliondoka hapa mwaka hamsini na tatu na gitaa la marehemu baba, ukiwa na miaka kumi na tisa. Kanisani kila mtu alijua kwamba sauti ni yangu na wewe unanifuata nyuma, lakini mimi nilikuwa na mume na watoto wawili, na wewe ulikuwa huna hata kuku. Mama ndiye aliyekufungashia mkate wa mahindi njiani. Ukaimba miaka na miaka hakuna aliyekusikia, mara unatangaza unga wa ngano redioni, mara unaimba kwenye mnada wa ng'ombe. Santuri zako mbili za kwanza nilinunua mimi, na sidhani kama yuko mwingine.

Ndipo ukampata huyo meneja wako, Bwana Pruett. Akakubadili jina ukawa Clint Maddox, akakuvalisha suti ya vimeta, akakutafutia na msiba. Sijui ni nani kati yenu aliyeutunga ule wimbo wa "Nilichelewa, Mama". Kijana anarudi kwao kutoka mbali, anakutana na majirani wanashuka kutoka makaburini na sepetu begani. Nchi nzima ikalia. Hata mimi nililia, kabla sijafikiri vizuri.

Siku uliyohojiwa, mimi na mama tulikuwa barazani tunamenya maharage, redio iko dirishani. Mtangazaji akakuuliza, "Clint, kaka yangu, huu wimbo ni wa kweli?" Ukanyamaza kidogo, unajua sana kunyamaza, kisha ukasema, "Kweli tupu, bwana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifika wakiwa wameshamfukia." Nilimtazama mama. Mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya bakuli. Halafu akasema, "Haya bwana. Miaka tisa nimekufa na bado namenya maharage." Tukacheka, Verlon. Nakuapia tulicheka mpaka machozi, na mimi sikujua yake ni ya namna gani.

Kesho yake Zelma Fugate akaja kutoka ng'ambo ya kilima na sufuria la kuku na matonge ya unga. Hakuwa amemwona mama tangu baridi ianze, na wewe ulivyolia redioni hakusikia vizuri habari ya miaka. Akamkuta mama anaanika nguo. Sufuria nusura limwanguke.

"Hassie! We si umekufa?"

"Nimekufa redioni tu, shoga. Huku bado. Weka sufuria mezani, marehemu ana njaa."

Mpaka jioni walikuwa wamefika wanne zaidi, kila mtu na chombo chake. Wakala, wakacheka, wakakusema. Mchungaji Ison alitaka kuandikia gazeti ili ukweli ujulikane. Mama akamkatiza hapo hapo. "Kijana anatafuta riziki yake. Atakayemharibia asije tena kula kwangu." Ndiyo sababu bonde zima lilifunga mdomo. Usidhani walikuheshimu wewe.

Mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya siku ya kupamba makaburi, lori likaleta jiwe. Marumaru nyeupe, Hassie Stamper, Mama Mpenzi, 1899 hadi 1953. Likasimikwa kando ya baba huku mwenyewe anatazama kwa mbali na ndoo ya maji mkononi. Jumapili yenyewe ukaja wewe na mpiga picha wa gazeti la muziki, ukapiga magoti kwenye majani, ukavua kofia. Picha ilitoka vizuri. Mama aliikata akaiweka kwenye Biblia.

Lakini nyumbani je, unakumbuka? Ulinivuta pembeni ukaniambia, "Dada, mama akae jikoni." Nikamwambia mimi, kwa mdomo wangu huu, maana wewe ulishindwa. Akakaa jikoni akakukaangia kuku. Yule mpiga picha akaingia kufuata harufu, akauliza, "Na huyu bibi ni nani?" Ukasema, "Ni shangazi yangu." Ulisema haraka, bila hata kumeza mate. Mama akakuongezea paja kwenye sahani akasema, "Kula, mwanangu." Yule bwana akaona ni maneno tu ya watu wa milimani. Ukala, ukaomba na mchuzi.

Nilikungoja ugeuke mlangoni umkumbatie. Ulimshika mkono kama unavyowashika wanaokununulia tiketi.

Tangu hapo, kila kiangazi wageni wako wakawa wanakuja na magari kutoka Ohio na Michigan na maua ya plastiki, wanataka kuona kaburi. Unajua nani aliwapandisha kilimani? Yeye. Aliwaambia, "Mimi ni wifi yake marehemu," kwa sababu ushangazi ulishampa mwenyewe na hakutaka hesabu za ukoo zikupinge. Mwanamke mmoja kutoka Dayton alimng'ang'ania mkono analia, akamuuliza huyo mama wa Clint alikuwa mtu wa namna gani. Mama akafikiri. "Alikuwa na mdomo," akasema, "lakini watoto wake aliwapenda kufa." Mwanamke akalia zaidi, mama akampa leso yake. Maua alishuka nayo akayaosha, akayaweka mezani kwake. Alisema ni watu wachache wanaopata bahati ya kuona maua yao ya msiba.

Miaka mitano, Verlon. Mpaka mwaka jana, kila siku ya kupamba makaburi alipika kuku wawili badala ya mmoja. Hukuja hata mara moja. Ulituma kadi zilizoandikwa kwa mashine, na bango lako kubwa, ambalo Burl alizibia banda la nguruwe.

Mwezi wa tano mwaka huu kifua kikambana. Daktari alikuja kutoka mjini akasema ni mapafu, pamoja na moyo, na kwamba tusimsumbue kwa safari ya hospitali. Siku ya kupamba makaburi ilipofika hakuweza kupanda kilima. Alilala akisikiliza watu wanaimba kule juu, akaniita. "Oleta, mpigie Verlon. Mwambie aje. Akiona haya, aje kama mgeni tu aliyetoka Ohio. Mimi nitajikaza nimpeleke kuliona kaburi." Alisema hivyo akitabasamu, na mimi nikatoka nje nikampiga teke mbuzi wa watu.

Nilipiga simu ofisini kwenu Jumatatu asubuhi. Akapokea binti mmoja mwenye sauti ya asali. Nikamwambia mama yake Clint Maddox anakufa. Akaniambia, "Pole, mama, lakini mama yake Bwana Maddox alishafariki zamani. Kila wiki tunapigiwa na watu kama nyinyi." Akakata. Watu kama nyinyi, Verlon. Nilibaki na mkono wa simu sikioni nasikia mlio tu. Simlaumu binti. Alikuwa anaujua wimbo vizuri.

Sasa nakuomba usome polepole. Siku ile ya mpiga picha, ukiwa unaondoka, ulinipa karatasi yenye namba ya simu ya nyumbani kwako. "Hii ni mtu akifa tu, dada," ulisema. Niliibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Bado ipo, hata wino haujafifia. Nililifungua kabati Jumatatu ile, nikaisoma namba, nikalifunga. Kesho yake nikalifungua tena. Siku tisa nilikuwa natoa vikombe na kurudisha vikombe mbele ya hiyo namba, na mama chumbani ananiuliza, "Umempata?" Nami namjibu, "Nimempata, mama. Yuko njiani."

Sikukupigia. Hakuna laini iliyokatika wala mvua iliyoangusha nguzo. Nilitaka uchelewe. Wimbo wako umetimia, ila safari hii mtunzi ni mimi, na sikutaka uwahi hata ubeti mmoja.

Aliniomba nimsuke nywele. Akavaa gauni la buluu, akataka kiti kigeuzwe kitazame barabara. Kila gari lililopita daraja akanyoosha shingo. Asubuhi ile ya Jumanne lilipita lori la makaa ya mawe akasema, "Ndiye huyo?" Nikasema ndiye. Akafurahi, Verlon. Akajiweka sawa gauni magotini. Lori likapita, vumbi likatulia, na nilipomtazama alikuwa amekwisha. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemdanganya mwisho, na nitalijibu hilo mbele ya Mungu kwa zamu yangu. Usijifanye wewe unakuja kunisamehe.

Zelma anakusalimu. Alileta sufuria lile lile, na safari hii hakuna aliyecheka. Mchungaji Ison anakusalimu, anasema kanisa liko wazi, nami nakufikishia kama alivyosema. Wanangu Dovie na Lester wanakusalimu. Lester ana gitaa sasa, nimemkataza kuimba habari zangu. Msalimie mkeo na uwabusu watoto. Waambie walikuwa na bibi mpaka wiki mbili zilizopita.

Kabla sijafunga barua, iko habari ya kaburi. Mama hakutaka tumzike chini ya lile jiwe. Nilimbishia, kwa kuwa ni kando ya mumewe na mahali pake pa haki, akanikaripia. "Ukifukua pale, wageni wa kiangazi watakuta udongo mbichi juu ya mtu aliyekufa miaka kumi na mitano. Watasema mwanangu mwongo. Nizike pengine, na usiniwekee jina." Alikuwa anapumua kwa shida na bado anakutunzia suti yako isichafuke. Basi baba amelala peke yake na jiwe lako, na upande wa pili ni majani matupu, hayana mtu.

Aliniagiza mambo mawili. La kwanza ni hilo, na nimelitimiza. Wachimbaji walikuwa sita, wote wameahidi. Majani tumeyarudisha juu, mvua hii imeshayashona, na baada ya mwezi mmoja hata mimi itabidi nihesabu hatua. La pili alinishika mkono akaniambia, "Lakini Verlon akija, yeye mwonyeshe."

Njoo wakati wowote. Kitanda utapata, kuku nitakukaangia. Utanililia, najua, na utapiga magoti kwa ufundi wote ulio nao. Sitakuonyesha. Nenda kwenye jiwe lako, wageni wa Ohio watakusogezea nafasi.

Mungu akulinde barabarani, asikutupe hata kama mimi nimekutupa.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba kiunoni mama akiwa shambani, na ninayekupenda bado, kwa bahati mbaya,

Oleta.