Damu Iliyolala Kwenye Friza

Duluth, Minnesota
9 Februari 2023

Mpendwa wifi Ardis,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko Alaska? Goti la mumeo Leif limepona? Mimi mwili mzima, ila roho imefura, na nisipokuandikia nitapasuka.

Saratani ya kaka yako imerudi. Ile ya utumbo aliyopasuliwa mwaka juzi sasa imehamia kwenye ini.

Unamjua Orrin. Mbavu zilimuuma tangu msimu wa kuwinda paa, Novemba, na kila akiulizwa na daktari anajibu, "Si vibaya sana." Huku kwetu kufa ni sawa, kulalamika ndiyo aibu. Hilo nimeshamgombeza.

Lakini sikia hili. Tangu upasuaji amekuwa akitoa damu kila miezi mitatu kwa watafiti wa hospitali, wanaofuatilia jinsi vinasaba vya uvimbe vinavyovujia kwenye damu vinavyobadilika tangu siku ya kisu hadi ugonjwa unaporudi. Mimi nilidhani wanaisoma. Kumbe waliigandisha tu, wakingoja wagonjwa watimie idadi ndipo waipime yote kwa mkupuo. Mwezi uliopita wameipima, na daktari mmoja akaropoka mbele yangu: dalili zilikuwamo tangu chupa ya Aprili. Sisi tumejua Desemba. Miezi minane, wifi! Na uvimbe umeshajigeuza, dawa iliyochaguliwa kwa kupima kipande kilichokatwa mwaka juzi haiuwezi tena.

Nilipowaka nikaonyeshwa fomu tuliyotia saini wenyewe: matokeo hayarudishwi kwa mgonjwa.

Jumatatu, hospitalini, muuguzi akaleta fomu nyingine na chupa sita, maana sasa ndipo damu yake inapotakiwa zaidi. Nikachukua kalamu nikakifuta kifungu kilekile cha matokeo. Akasema haifanywi hivyo. Nikamtazama Orrin, nikijua ataniangusha kwa upole wake. Mkono wa shati umeshakunjwa, mpira umeshafungwa mkononi. Akaufungua mwenyewe, akashusha mkono wa shati, akafunga vifungo taratibu.

"Mkiisoma, mniambie," akasema. "La sivyo, hamna damu."

Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijawahi kumsikia akidai kitu. Nililia garini kwa hasira: laiti angedai tangu mwanzo.

Nawe kapimwe utumbo, Ardis, mmezaliwa tumbo moja. Usiniambie huumwi popote.

Wasalimie Leif na mwanao Britta. Mungu awakinge na awape midomo ya kuuliza.

Ni mimi wifi yako, nakupenda hata nikiwa nimenuna,
Verna